Doa la Juu Kulia

4 Juni

Dada yangu,

Shikamoo, wewe na Shemeji. Mimi mzima, isipokuwa mapafu yamejaa pamba. Nimekaa juu ya bobini kubwa iliyolazwa sakafuni, katika ukumbi wa kusokotea wa kiwanda cha uzi. Pembeni yangu kamera ya Baba imesimama kwa miguu yake mitatu, imevaa mvukuto mpya ulionishonea, ule mfuko mweusi wa mikunjo unaounga lenzi na filamu. Lenzi iko wazi tangu asubuhi. Sina la kufanya ila kungoja na kukuandikia.

Kiwanda kinafungwa. Mwezi ujao mafundi watakuja kufungua mashine zote, na wenye kiwanda wameniruhusu kupiga picha kabla ukumbi haujabaki kuta tupu. Nimeifinya lenzi mpaka tundu lake la mwisho, nikaweka na kioo cheusi mbele yake, kwa hiyo picha moja inakunywa mwanga kwa saa nne. Nataka ukumbi ujichore wenyewe, taratibu. Mfagiaji amekwisha pita mbele yangu sijui mara ngapi na najua hatakuwemo. Anayepita hakai. Lakini Mlinzi, aliyelala kwenye kiti chake tangu saa tatu, atatokea vizuri kuliko alivyo akiwa macho. Vumbi la pamba linaelea kwenye mwanga wa madirisha kama kwamba hewa yenyewe inasokotwa.

Sasa tatizo. Picha tatu za kwanza zimeungua. Zote mahali pamoja, doa jeupe juu kulia. Filamu nilizo nazo si nyingi, na hapa hakuna duka la kuziuza. Nilimwonyesha Bwana Harusi, yule mpiga picha wa arusi aliyekuagiza mvukuto baada ya kuuona wangu. Alitazama mara moja akasema mvukuto unavuja. Mimi sijasema hivyo. Nakuuliza tu.

Mdogo wako,
Kitinda

9 Juni

Kitinda,

Marahaba. Umeuliza tu, Bwana Harusi naye amesema tu, na jana ameniandikia tu kwamba ule mvukuto wake nisihangaike kuumalizia. Unaona "tu" zako zinavyozaa?

Baba alipogawa vitu vyake, wewe ulipewa kamera na mimi mkasi, kwa kuwa mwanamke ana shughuli gani na lenzi. Sikulia. Nilishona maturubai, nikashona vitambaa vya miavuli, kisha nikaufumua mvukuto mkuukuu wa Baba, mikunjo ishirini na minane, mmoja mmoja, mpaka nikajua ulivyokaa. Hakuna aliyenifundisha. Leo watu wa miji ambayo sijawahi kufika wananiagiza. Sina duka, sina kibao barabarani. Nina jina. Hilo likitoboka hakuna gundi ya kuliziba, na habari za mpiga picha mmoja hazichukui wiki kuwafikia wenzake wote.

Basi tupige hesabu, kwa sababu hesabu haina kaka wala dada. Picha ya sekunde moja, mwanga wa wizi unapata sekunde moja. Picha yako ya saa nne unaupa sekunde elfu kumi na nne na mia nne. Kitundu ambacho Bwana Harusi hatakiona arusi mia, wewe utakiona asubuhi moja. Kwa hiyo kabla ya kusema mvukuto, tafuta kwingine kote. Ubao wa lenzi umekaa sawasawa? Kasha la filamu limebana mgongoni mwa kamera? Kile kizibo cha kasha, kibao chembamba kinachoifunika filamu, ukikivuta unakivuta wima au unakipinda kama mtu anayechomoa panga? Mdomoni mwa kasha kuna kipande cha mahameli kinachofunga nyuma ya kizibo. Mahameli yakichakaa, mwanga unaingia bila hodi.

Fanya hivi. Weka filamu, ifunike lenzi kwa kifuniko chake usiifungue, vuta kizibo, kaa saa zako nne, rudisha. Filamu ikitoka safi, doa lako ni mwako wa dirisha ulioingia kupitia lenzi. Ikitoka na doa, basi ni kwenye kamera.

Na usiifunike kamera kwa koti kama Baba. Mvukuto mzuri hauvai koti. Watu wakiona umeifunika watasema Dada kashona kapu. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, nami sitaki kusingiziwa.

Dada

13 Juni

Dada yangu,

Nimefanya ulivyosema. Lenzi nimeifumba, kizibo nimekivuta wima, nikakaa. Ni jambo la ajabu kukaa saa nne mbele ya kamera ambayo haitazami. Mlinzi aliamka akaniuliza, "Leo unapiga nini?"

"Napiga giza."

Akafikiri. "Giza la kawaida au la kulipia?" Akalala tena.

Jua lilihama dirisha baada ya dirisha. Kwenye mashine zilizozimwa kuna nyuzi ambazo hakuna aliyezikata, zimening'inia, na upepo ukiingia zote zinageukia upande mmoja kama watu walioitwa jina. Nilisinzia. Nilipoamka sikujua ni saa ngapi wala ni nani aliyekuwa akimngoja mwenzake, mimi au ukumbi.

Nikaisafisha filamu jioni ile. Dada, lenzi ilikuwa imefumba jicho, na bado filamu imeota ndoto. Doa lile lile, mahali pale pale. Nakutumia picha moja ya zile za kwanza uione mwenyewe. Usinikasirikie mimi, ikasirikie karatasi.

Kiwanda kina chumba cha kutilia rangi, hakina dirisha hata moja. Nafikiri kuingiza kamera humo, niweke taa ndani ya mvukuto nione kama kuna mahali inachungulia. Nimebakiwa na filamu mbili.

Kitinda

18 Juni

Kitinda,

Picha imefika. Nimeiangalia dirishani asubuhi na nimeiangalia tena chini ya taa, ingawa balbu za siku hizi wanazitengeneza kwa ubahili. Doa nimeliona. Linagusa ukingo. Doa linalogusa ukingo ni la mahameli ya kasha, kesi imekwisha. Yang'oe yale ya zamani, bandika mapya.

Taa unayotaka kuingiza nilikwisha iingiza mimi kabla sijaufunga mvukuto kwenye karatasi. Ndivyo ninavyofanya kwa kila mmoja. Naingia kwenye kabati la nguo, nafunga mlango, nawasha taa ndani ya mvukuto, nakaa mpaka macho yazoee. Kama kuna kitundu, kitang'aa kama nyota. Sikuona nyota hata moja. Ukitaka kupoteza betri, poteza, ni zako.

Ila mwambie huyo Mlinzi awafikishie wenye kiwanda lalamiko langu kabla hawajafunga. Uzi wao wa siku hizi una manyoya. Hauingii kwenye tundu la sindano namba kumi na moja hata uubembeleze, mpaka nimehamia kumi na sita, na hata hapo Shemeji wako ndiye anayenitungia. Anaacha redio za watu anakuja kunitungia sindano huku akijiita fundi mkuu. Ameniambia nikuulize kama kiwandani hawana redio mbovu.

Bwana Harusi bado kimya. Na juzi mwingine, yule wa kamera ya kupigia milima, ameandika kwamba "atasubiri kidogo." Anasubiri nini, niote mkia? Kitinda, liondoe hilo doa. Sikuombi mara nyingi.

Dada

22 Juni

Dada yangu,

Umesema kweli. Ni mahameli ya kasha. Yalikuwa yamechakaa upande mmoja. Nimebandika mapya na mambo ni mazuri. Mvukuto wako hauna neno. Nitamwambia Bwana Harusi kwamba kosa ni langu.

Shemeji msalimie. Redio mbovu ipo moja. Jitunze, usishone sana jioni.

Kitinda

27 Juni

Kitinda,

Wewe unahitaji kurasa nne kueleza kwamba umekunywa chai. Barua hii umeiandika umesimama mlangoni. Na umekubali nilichosema mara ya kwanza, jambo ambalo hujalifanya tangu uote meno. Hesabu haikunikalia sawa. Nikaichukua ile picha nikampelekea Shemeji wako alipoinamia redio.

"Hili doa linagusa ukingo?"

"Liguse wapi? Limeanzia mbali na ukingo."

"Limenyooka?"

"Limepinda kama unyoya wa jogoo. We mwanamke, si unalo mkononi?"

Nikamwambia alikwaruze kwa msumari pembezoni mwake, nikalifuata kwa kidole. Limepinda kweli. Mahameli hayapindi, Kitinda. Mahameli yanachora mstari ulionyooka kutoka ukingoni. Doa lililopinda lisilogusa ukingo ni la kitundu kilichotazama madirisha na jua linalotembea. Jua limezunguka jengo saa nne, na kitundu kikaandika njia yake. Nimelijua hilo miaka mingi. Nilikosa kuliona tu.

Rafuni nilikuwa na mvukuto niliomaliza majuzi, sindano ile ile, gundi ile ile. Tukaingia kabatini wote wawili na makoti yetu, kama wezi wa sukari. Nikawasha taa ndani yake. Mimi nikaona giza. Zuri, jeusi, kama linavyotakiwa kuwa. Nikamwambia, unaona, safi. Nikasikia anavuta pumzi.

"Mbona umetoboa mbingu?"

Nilidhani ananitania, maana ndiyo kazi yake ya pili baada ya redio. "Nyota ziko wapi?"

"Kila mahali. Hapa konani zimejaa kama..."

"Kama nini?"

Shemeji wako hajawahi kuiacha sentensi njiani.

Sindano namba kumi na sita inatoboa tundu ambalo uzi wangu haulijazi. Ni hilo tu, hakuna fumbo. Na gundi nyeusi ninayopaka juu ya mshono ili kuyaziba matundu, nimekuwa nikiipaka pembeni ya mshono. Tulipotoka nikamuuliza amejua tangu lini kuhusu macho yangu. Akasema, "Tangu ulipoanza kuliamkia koti langu ukutani." Nikacheka, halafu kicheko kikaniisha.

Na wewe ulizijua nyota hizo. Usiniandikie kama uliziona au hukuziona, niandikie ni ngapi. Umenidanganya kwa huruma, na mimi ningeendelea kushona, na watu wangeendelea kuunguza filamu zao wakinilaani kimyakimya, na mwisho wake ningekuwa sina hata hilo jina unalodhani umelilinda. Ukimhurumia mtu wa kazi, mwambie kazi yake ina nini.

Sasa kwa kuwa mashine zenu zinaondoka, hakuna muda wa kukushonea mwingine. Usibandike utepe kwenye mvukuto, utakakamaza mikunjo nao utapasuka ukiuvuta. Tafuta turubai jeusi, likunje mara tatu. Tegesha fito mbili juu ya kamera ili turubai lisiulalie mvukuto, maana ukibonyea katikati utakula kona za picha. Funika kamera yote, nje ibaki lenzi peke yake, funga kwa kamba chini. Ugeuze mdomo wa kasha uelekee ukutani, mbali na madirisha. Kasha liingie chini ya turubai, kizibo kivutwe chini ya turubai, kirudishwe chini ya turubai. Ukishakivuta, ngoja kamera itulie ndipo ufungue lenzi. Wakicheka, waache wacheke.

Dada

6 Julai

Dada yangu,

Nilipofika sitini na kitu niliacha kuhesabu. Siyo kwamba zilinishinda. Zilikuwa nzuri.

Ukitaka kujua, nitakueleza, kwa kuwa sasa nimekatazwa huruma. Chumba cha rangi kina kuta zilizorukiwa na kila rangi waliyowahi kutia uzi, bluu juu ya nyekundu juu ya manjano. Nilipozima tochi na kuwasha taa ndani ya mvukuto, kila kitundu kilitupa tone lake la mwanga ukutani, vingine kwenye shati langu. Nikausogeza mvukuto kidogo tu, mbingu yote ikavuta pumzi. Nikaurudisha, ikashusha. Nilikaa humo mpaka Mlinzi akaja kunitafuta. Alisimama mlangoni, akaingia, akafunga mlango nyuma yake, akavua kofia. Baadaye ndipo akaniuliza, "Aliyeshona hivi alikusudia?"

Nikasema hapana. Nilipojibu hivyo ndipo iliponipiga kwamba wewe ulikaa kabatini mbele ya haya yote ukaona giza. Sikupata namna ya kukuambia matundu bila kukuambia macho. Nikaandika ile barua. Naomba radhi, na siyo kwa sababu umenikamata.

Jana nimepiga. Turubai nimeazima kwa madereva wa malori waliokuja kubeba mashine za ukumbi wa pili, fito ni mipini ya mifagio. Mfagiaji ameniuliza kama kamera ina homa. Nilifanya kila kitu chini ya turubai kwa kupapasa, na nikagundua kwamba mikono inajua njia zaidi nikifumba macho, kwa hiyo nikafumba. Nikafungua lenzi, nikakaa. Tulisikia mashine zinaburutwa upande wa pili wa ukuta, moja baada ya nyingine, na kila moja ikipita sakafu ilinguruma mpaka kwenye mifupa, nami nikainuka mara mbili kuomba wangoje. Wakangoja. Watu wazima wenye malori, wamekaa juu ya ngazi wamenyamaza, kwa sababu chini ya turubai kuna kitu kinatazama.

Nimeitoa leo asubuhi. Haina doa. Kona zote nne zimetoka kamili kama zinavyotakiwa, nyuzi zinaonekana kama moshi, na mashine zimekaa kama zilizozama majini. Nimebakiwa na filamu moja na sitaipiga. Picha nakutumia.

Bwana Harusi sijamwambia lolote. Nilisema nitamwambia, sikumwambia. Nangoja wewe useme aambiwe nini.

Kitinda

19 Julai

Kitinda,

Bwana Harusi nimemwandikia mwenyewe. Nimemwambia alisema kweli. Kalamu ilikuwa nzito kama cherehani ya chuma, lakini imefika mwisho wa mstari. Wengine wote niliowauzia tangu nihamie sindano ile nimewaandikia warudishe mivukuto nishone upya bila malipo. Saba wamejibu kwamba yao haina shida. Hao ni wa picha za sekunde, hawajui, nimewaandikia tena kwa ukali zaidi. Yule wa milima amerudisha bila kusema neno, na ndani ya karatasi ameweka filamu zake tano zilizoungua. Nimezipanga mezani. Kila moja ni asubuhi nzima ya mtu aliyepanda mlima.

Nimekwenda kwa daktari wa macho. Mtoto wa jicho, pande zote mbili, atatoa mmoja kisha mwingine. Kijana mwenye maneno laini. Ameniahidi mwanga. Nimemwambia mimi biashara yangu ni giza, afanye anavyojua.

Picha yako Shemeji amenisomea. Alianza na Mlinzi, akasema amelala kwa heshima. Akanitajia mashine moja moja kutoka kushoto. Nilimuuliza konani juu kulia kuna nini, akasema dari. Nikamwambia aangalie tena. Akasema dari, na bomba, na utando wa buibui. Basi.

Jana mchana tuliingia kabatini na mvukuto wa mtu wa milima. Nimeushona upya kwa sindano ya kumi na moja. Shemeji wako ndiye anayetunga, mimi nafuata mshono kwa kucha. Nikawasha taa ndani. Yeye ana macho, mimi nina brashi ya gundi. Ananishika kidole ananipeleka. Hapa. Hapa. Panda kidogo. Umepita, rudi. Hapa. Hakutania hata mara moja, mpaka nikaanza kuogopa. Tumekaa humo muda mrefu, makoti yakitulalia mabegani, na mimi sioni kitu, nasikia sauti yake tu na gundi ikikauka.

Mwisho akasema, "Basi. Giza."

Nikamuuliza, "Giza kweli, au giza la kunifurahisha?"

"Giza kweli."

Nilitaka azime, awashe, azunguke kona zote upya. Tangu nishone turubai la kwanza sijawahi kufunga mzigo kwa jicho la mtu mwingine, hata la Baba, hata lako. Nilikaa kidogo nimeushika. Kisha nikafungua mlango, nikaufunga mvukuto kwenye karatasi, nikakaza kamba, na yeye akaupeleka posta.

Dada